Mbwa Aliyekiri Kila Kosa

Mbwa wa Bibi Tadea aliitwa Watasema, na jina hilo hakupewa kwa faida ya mbwa. Alipewa kwa faida ya majirani.

Mumewe Tadea alipofariki, ukoo ulitegemea kwamba mjane atafunga kanga zake na kurudi kwa kaka zake, au angalau atakaa pembeni kimya kama wajane wenye adabu. Tadea alikaa, lakini si kimya. Alipalilia kahawa yake mwenyewe. Alichimba mashimo yake ya ngolo, yale ya kuzuia mvua isisombe udongo, kwenye mteremko ambao hata mbuzi huushuka huku akimwomba Mungu. Na mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milima ya Mbinga na magari yao, aliwauzia kahawa kwa mdomo wake, hakumtuma mwanaume. Maneno yakawa mengi kuliko mbaazi. Ndipo akaokota kijibwa chekundu, sikio moja limesimama, jingine limechoka, akakipa jina. Kila jioni alisimama mlangoni akaita kwa sauti ya kuimbia kanisani, "Watasemaaa! Watasemaaa!" Mteremko mzima ukasikia, na waliohusika wakajijua.

Mwanzoni alimlea mbwa kama yeye mwenyewe alivyolelewa, yaani kwa kipigo. Fimbo hakuwa nayo. Alikuwa na mwiko.

Siku moja alikuwa ameanika kahawa kichanjani, imemenywa, imeoshwa, inang'aa kama meno ya mtoto. Kugeuka, akamwona Watasema kalala katikati yake, tumbo juu, anaota jua. Bibi akaita, "Watasema, njoo hapa!" Mbwa akaruka chini, akaja mbio, mkia unazunguka, furaha tele kwa kuitwa na mtu anayempenda. Alipofika, akapokea mwiko mara tatu mgongoni.

Kesho yake akapanda tena kichanjani. Bibi akaita tena. Safari hii mbwa alimtazama, akashuka upande wa pili taratibu, akaenda zake migombani.

Tadea akabaki na mwiko mkononi. Akawaza. Aliposhuka kichanjani sikumfanya kitu, alijiambia. Alipokuja nilipomwita, ndipo nikampiga. Basi nimemfundisha nini huyu? Nimemfundisha asije.

Akacheka peke yake mpaka akaketi. Alikumbuka shule ya misheni, ambako alisoma hadi darasa la nne. Sista alimchapa miaka minne kwa ajili ya mwandiko mbaya. Mpaka leo mwandiko wake ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino, lakini mlio wa viatu vya Sista angeutambua hata mbinguni. Hilo ndilo alilojifunza, na alilijua vizuri sana.

Akautundika mwiko kwenye msumari, akaanza upya kwa ukoko wa ugali. Mbwa akipanda kichanjani, Bibi alimtelemsha bila neno, bila ukoko. Mbwa akilala chini ya kichanja, ukoko ulimwangukia kama mana. Mbwa si mjinga. Wiki haikuisha, Watasema akahamia chini ya kichanja moja kwa moja, na kuku aliyekaribia kahawa alisindikizwa mpaka kwao. Halafu Bibi akamfundisha neno "haya." Chakula kiliwekwa chini, mbwa akinyoosha pua, kiganja cha Bibi kilikifunika. Mbwa akitulia, kiganja kilifunguka. Ikafika mahali Watasema akaketi mbele ya sahani, mate yanadondoka, macho yamemkazia Bibi, mpaka asikie "haya."

"Bibi siku hizi anamsalisha mbwa kabla ya kula," walicheka majirani.

"Kuna Wakristo hapa hawajafika darasa lake," Tadea aliwajibu.

Lakini kile kipigo cha mwanzo kilibaki mwilini mwa mbwa, kama mwiba uliokatikia ndani. Kila Bibi alipouchukua mwiko kusonga ugali, masikio ya Watasema yalilala, mkia ukaingia katikati ya miguu, ulimi ukaramba pua, uso ukageukia ukutani. Kila siku ya Mungu. Bibi alimwambia, "Tulia, mwanangu, leo ni zamu ya ugali," na moyo wake ulimwuma kidogo, kwa sababu alijua nani aliuchomeka ule mwiba.

Sasa, katika ukoo ule mkubwa alikuwa Mzee Othmar, mdogo wake marehemu mumewe Tadea. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde hata anapoomba chumvi. Nyumbani kwake ndiko sengu ilikokaa. Nyumba zote za ukoo zilibeba vyakula vyao kwenda kwake, wanaume wakala pamoja, wanawake wakala upande wa jikoni, na baada ya kunawa, mambo ya ukoo yalizungumzwa: nani kagombana na nani, mtoto gani hana adabu. Zamani ilikuwa kila siku. Mwaka ule, watu walivyokuwa wakikimbizana na wanunuzi wa kahawa, ilibaki Jumapili baada ya misa. Othmar alilalamika kila Jumapili kwamba ni Jumapili tu.

Basi Jumatatu moja, Kombo, mnunuzi wa kahawa kutoka Mbamba Bay, alipanda na gari lake mpaka kwa Othmar akiwa na zawadi. Alikuwa kijana wa pwani ya ziwa mwenye kofia safi na maneno laini.

"Shikamoo mzee wangu. Nimekuletea kitoweo cha kwetu."

Alifungua gazeti. Ndani alilala mbasa aliyekaushwa kwa moshi, mrefu kama mkono wa mtu mzima, mgongo wa rangi ya dhahabu, mafuta yanamtoka. Milimani, ambako watu huoa na kuzika kwa maharage, samaki wa namna hiyo ni mgeni rasmi.

"Huyu," Othmar alitangaza, na ng'ambo ya bonde wakasikia, "ataliwa Jumapili, kwenye sengu, na wewe Kombo utakuwepo!" Akamweka kwenye kichanja cha jikoni, juu ya moto, na kila jioni akawa anaingia kumtazama kama mtu anayemjulia hali mgonjwa.

Alhamisi mchana aliingia, akakuta kichanja kitupu.

Alitoka nje kama nyuki, fimbo mkononi. Na nani alikuwa uani? Watasema, amelala kivulini karibu na kinu.

"WEWE! Nani kala samaki wangu?"

Masikio yakalala. Mkia ukaingia ndani. Ulimi ukatoka, ukaramba pua, ukaramba tena. Mbwa akageuza uso pembeni, jicho likaonyesha weupe, kisha akajilaza chali, miguu minne juu, tumbo wazi.

"Mmeona?" Othmar aliwapigia kelele waliokusanyika. "Amekiri! Hajasubiri hata kuchapwa!"

"Mwenye kosa hujulikana usoni," alisema Damiano, jirani aliyependa kuwepo mahali penye kosa la mtu mwingine.

Tadea alifika akihema. "Shemeji, kichanja kile kiko juu."

"Aliyepanda kichanja cha kahawa, cha jikoni kitamshinda? Si wewe mwenyewe uliyetusimulia?"

Ni kweli, alikuwa amesimulia, na akichekesha watu. Mdomo humponza mwenyewe.

"Shemeji, hata mtu huulizwa mara tatu."

"Kaulizwa mara moja na kajibu. Mbwa akishaonja cha jikoni haachi, leo samaki, kesho kuku, keshokutwa mtoto. Jumapili ataletwa mbele ya sengu, tumalizane naye. Damiano, una kamba?"

"Sikosi," alisema Damiano.

Tadea alimbeba mbwa wake kama mtoto, mbwa mzima mwenye miguu inayoning'inia, akaondoka naye bila kuaga.

Asubuhi ya Ijumaa alimketisha mlangoni akamtazama vizuri. Alitaka kujua, kabla ya kumtetea, kama anatetea mwizi. Akauchukua mwiko msumarini. Akaikaza sauti iwe ya Othmar.

"Nani kala samaki?"

Masikio, mkia, ulimi, ukuta. Kila kitu kama jana.

Tadea akafikiri. Akasema kwa sauti ile ile, "Nani kazuia mvua ya mwaka juzi?"

Masikio, mkia, ulimi, ukuta. Watasema alikubali kwamba yeye ndiye aliyezuia mvua, na akapiga miayo miwili mirefu. Usingizi hakuwa nao. Tadea alishaona kwamba mbwa huyu hupiga miayo akiwa na wasiwasi, kama watu wengine wanavyokohoa mbele ya hakimu.

Bibi akaurudisha mwiko msumarini. Akachuchumaa. Akasema kwa sauti laini kama ya kumbembelezea mtoto, "Na nani kala samaki, baba'angu?"

Mkia ukaanza kufagia vumbi. Sikio lililosimama likasimama zaidi, hata lile lililochoka likajaribu. Akamlamba Bibi kidevuni.

"Kumbe," alisema Tadea. "Huungami wewe. Unaomba amani tu."

Lakini hilo lilimwambia maana ya ile sura. Halikumwambia nani kala samaki. Kwenye jibu hilo mbwa alimpeleka mwenyewe. Alipoachwa, alinyanyuka, akajinyoosha, akakata migombani kwa mwendo wa mtu mwenye miadi. Tadea akamfuata polepole. Watasema alipita nyuma ya jiko la Othmar, akafika penye jiwe moja bapa chini ya mgomba, na mbele ya jiwe lile akaketi. Wima, kifua mbele, macho kwenye mlango wa jiko. Akasubiri kama alivyofundishwa kusubiri mbele ya sahani.

Mlango ukafunguka. Akatoka Bonifasia, mke wa Othmar, na ungo wa majivu. Alipomwona mbwa, nusura amwage majivu miguuni mwake.

"Toka!" alimnong'oneza. "Toka wewe, utaniua! Nenda kwenu!"

Mkia wa Watasema ulifagia majani makavu kwa mapenzi makubwa.

"Dada yangu," alisema Tadea kutoka nyuma ya mgomba, "mbwa huyu haketi hivyo mahali ambapo hajawahi kupewa kitu."

Bonifasia alikaa chini juu ya jiwe lile lile. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mzaliwa wa Kihagara kule ziwani, aliyepandishwa mlimani kwa ndoa akiwa binti. Alificha uso ndani ya kanga.

"Nilitaka kuonja pezi tu, dada. Pezi tu."

"Na pezi likawaje?"

"Pezi likavuta ubavu." Sauti ilitoka ndani ya kanga. "Siku tatu nimelala na harufu ile. Harufu ya kwa mama. Miaka thelathini na mmoja nakula maharage na majani ya maboga, sijasema neno. Nikamchukua, nikaja hapa, nikasema nitarudisha kilichobaki. Halafu hakikubaki kitu."

"Wote? Samaki urefu wa mkono?"

"Kichwa sikula. Huyu alikuja akakaa hapo, akanitazama. Hakuomba, dada, hakulia. Alinitazama tu kama mtu wa nyumbani. Nikamwekea kichwa mbele yake."

"Akasubiri?" Tadea hakuweza kujizuia kuuliza.

"Akasubiri mpaka nikasema haya. Si huwa nakusikia?"

Tadea aligeuka pembeni asionekane jinsi alivyofurahi. Hukumu ya kifo iko kichwani mwa mbwa, naye anajivuna kama mama wa mtoto aliyeshika namba moja.

"Bonifasia, wanataka kumnyonga."

"Najua." Alitoa uso kwenye kanga, umelowa. "Othmar hanipigi, unamjua, ana kelele tu. Ila wengine, dada! Damiano na wenzake! Tangu nifike hapa wananiambia, Mnyasa hata ukimzika mlimani atafufuka akatafute dagaa wa usipa. Nikicheka, basi. Sasa nikikiri mbele ya sengu kwamba nimemla mgeni rasmi mzima mzima nyuma ya jiko, nitafundishiwa watoto mpaka wa kizazi cha nne. Nitakuwa wimbo."

Tadea aliketi kando yake. Mumewe alipofariki, mwanamke huyu ndiye aliyelala naye kwenye mkeka siku zote za matanga, akimlisha uji kwa kijiko wakati mdomo huu mkali wa Tadea ulipokuwa haufunguki. Na mbwa huyu ndiye aliyekuja kulala mahali pale pale kwenye mkeka baada ya Bonifasia kurudi kwake. Kuwapima hawa wawili kwenye mizani moja hakuweza.

"Nitajaribu kwanza kwa njia yangu," alisema mwisho.

"Na ikishindikana?" Bonifasia alijifuta uso. "Ikishindikana, dada, kamba ikimfikia shingoni, nitasimama niseme. Siwezi kumwacha afe. Alisubiri haya yangu."

Jumapili ile sengu ilijaa kuliko Pasaka. Hata waliokuwa wamesahau njia ya kwa Othmar waliikumbuka. Kombo alikuja na kofia yake, akakalishwa karibu na mwenyeji na kupewa kuku badala ya mbasa, akala kwa adabu. Wanaume walimaliza, wakanawa. Damiano aliweka kamba mpya gotini mwake. Upande wa jikoni, Bonifasia hakugusa chakula.

Tadea alitokea na Watasema nyuma ya kisigino chake. Alipiga goti kidogo kwa heshima, kwa kuwa alitaka kitu.

"Shemeji, nimemleta. Sibishani na sengu. Mshtakiwa ameulizwa swali moja akajibu. Sasa kwa vile mmemwona ni mkweli, naomba ruhusa nimuulize na mengine. Ukoo huu una mambo mengi hayajapata mwenyewe."

Watu wakatazamana. Othmar, aliyependa taratibu, akakubali kwa kichwa.

Tadea akautoa mwiko chini ya kanga. Masikio ya Watasema yakalala hapo hapo.

"Nani kala mbasa?" alinguruma.

Mkia ndani, ulimi puani, uso pembeni.

"Si nilisema!" alisema Damiano.

"Subiri. Nani aling'oa mabati mawili ya kanisa mwaka ule wa dhoruba?"

Mbwa akajilaza ubavu. Wazee wawili wakakohoa. Dhoruba ile ilipita miaka sita kabla mbwa hajazaliwa.

"Nani alimdanganya Eva bustanini?"

Watasema akajilaza chali, miguu minne juu, akaonyesha tumbo lake lote mbele ya ukoo. Kombo alikuwa anakunywa togwa. Togwa likampanda puani.

"Huyu ni shetani mwenyewe!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikaanza kutoka nyuma.

"Bado swali moja," alisema Tadea, na sasa alikuwa anazungusha mwiko taratibu. "Nani alipoteza mizani ya chama cha msingi?"

Mbwa alifumba macho kwa majuto. Lakini watu hawakumtazama mbwa tena. Walimtazama Othmar, aliyekuwa katibu wa chama mizani ilipopotea, na ambaye kwa miaka tisa hakupenda swali hilo. Othmar akajikuna shingo. Akatazama chini. Ulimi ukapita midomoni.

"Ona, shemeji," alisema Tadea kwa upole, "hata wewe."

Hapo kicheko kilianguka kama mti. Wanawake walishikana mabega. Lakini Othmar hakucheka. Alinyanyua mkono, na watu wakanyamaza.

"Umetuchekesha, shemeji. Sawa. Lakini siku ile nilimkuta akiramba mdomo. Mdomo huo ulikuwa unaramba nini?"

Lilikuwa swali zuri, na jibu lake la kweli lilikuwa kichwa cha mbasa. Damiano aliiona nafasi yake, akasimama, akaikunjua kamba. Upande wa jikoni Bonifasia aliweka mikono magotini, akaanza kunyanyuka, mdomo umeshafunguka.

Tadea aliuinua mwiko juu.

Ulimi wa Watasema ukatoka, ukaramba pua, ukaramba tena.

"Na sasa anaramba nini?" Tadea aliuliza. "Mkononi mwangu kuna mti mkavu. Nani anataka kuja kunusa? Kila siku nikisonga ugali anaramba hivyo hivyo. Mbwa akiogopa hukauka mdomo, kama bwana harusi." Hakusema uongo. Alichagua tu ukweli wa kutumia, kama mtu anavyochagua mbegu.

Kisha akaushusha mwiko, na utani ukamtoka usoni.

"Nami niseme kosa langu. Mimi ndiye niliyempiga na mwiko huu alipokuwa mdogo, tena alipokuja nilipomwita. Woga huo ni wangu, nimeupanda mimi. Lakini nyinyi nawauliza. Watoto wetu tunawafundisha nini hapa hapa sengu? Ukisemeshwa na mkubwa, inamisha macho. Anayetukodolea tunamwita hana malezi. Huyu mmemfokea, kainamisha macho, kajishusha mpaka chini kabisa. Mtoto akifanya hivyo mnasema ana heshima. Mbwa akifanya, mnaleta kamba."

Mzee mmoja alitikisa kichwa polepole, kama anayeonja kitu akakuta kina chumvi ya kutosha.

"Basi nani kala?" Othmar alipaza sauti, lakini sauti yenyewe ilikuwa imepungua.

Tadea akageuka ghafla, mwiko mbele, akawakabili wanaume wote. "NANI KALA?"

Macho yote yakaenda chini. Damiano akaramba midomo.

"Naona wako wengi," alisema Bibi.

Othmar alijaribu kujizuia. Mabega yakaanza kutikisika, kisha kikamtoka kicheko chake kikubwa, kikavuka bonde kikarudi. "Mwachieni! Mwachieni, tusije tukamnyonga na Damiano!"

Tadea akachuchumaa, akamkuna mbwa nyuma ya sikio lililochoka. "Haya," alimnong'oneza. "Umeachiwa."

Angejua angenyamaza. Watasema, aliyesikia haya akiwa na njaa, alinyanyuka, akajitikisa kuanzia pua hadi mkia kama anayejivua aibu, akakatiza katikati ya sengu, akapita vyungu vyote, akamfikia Bonifasia. Mbele yake akaketi. Wima, kifua mbele, macho juu.

Bonifasia alikuwa kama jiwe. Watu wengi walikuwa bado wanafuta machozi ya kicheko, hawakuona. Lakini Othmar alimtazama mbwa kwa muda. Kisha akamtazama mkewe, mikono yake iliyotulia magotini, sahani yake isiyoguswa.

"Mpeni maji huyo mbwa," alisema. "Ana kiu." Akamgeukia Kombo, akaanza kuzungumza habari za kahawa.

Jumatano iliyofuata Kombo alileta mbasa mwingine; alisema yule wa kwanza amesikia alipotea njiani. Tadea alikuwa kwenye mashimo yake ya ngolo aliposikia sauti ya Othmar ikitangaza uani, na yeyote aliyekuwa ng'ambo ya bonde alisikia pia.

"Samaki namweka hapa jikoni! Mimi nakwenda kwenye kahawa, sirudi mpaka jua lizame! Na mtu asije akaniambia sikumfunga mbwa, mbwa si wangu!"

Kisha akaondoka, jembe begani, bila kugeuka nyuma.

Tadea alilaza jembe lake chini. Aliposhuka mpaka penye jiwe bapa, Watasema alikuwa ameshafika kabla yake, ameketi. Bonifasia alitoka na samaki kwenye ungo, machozi na kicheko vimechanganyika usoni.

"Dada, anajua."

"Anajua. Keti ule."

Walikula kwa vidole, taratibu, mafuta yakiwatiririka mpaka vifundoni mwa mikono. Bonifasia alisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akikausha mbasa mchangani Kihagara, na mbwa wao wa huko aliyekuwa akiwapokea wavuvi mpaka maji ya kifua. Ubavu mmoja waliufunika kwa jani la mgomba, wa Othmar. Kichwa Bonifasia alikiweka mbele ya Watasema, akakifunika kwa kiganja, akatazamana naye.

"Haya," alisema.

Tadea alimtazama mbwa wake akila. Masikio juu, mkia juu, macho nusu yamefumbwa. Hii ndiyo sura ya aliyekula kweli, alijiambia. Haina hata chembe ya majuto.

Jua lilipozama Othmar alirudi, akaegemeza jembe ukutani, akachungulia jikoni.

"Nani kala samaki wangu?" aliuliza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ng'ambo ya bonde hawakusikia.

Bonifasia alisimama mlangoni. Hakuinamisha macho.

"Mimi."

Othmar alifunua jani la mgomba, akautazama ubavu wake, akakaa kwenye kigoda. Akamega kipande cha kwanza, na cha pili akamtupia mbwa aliyekuwa kizingitini. Watasema alikitazama kile kipande, hakukigusa, akamtazama Othmar.

"Anataka nini huyu?" Othmar aliuliza.

"Mwambie haya," mkewe alimjibu.